UZI: Mboji inataka miaka, shamba la kukodi ni msimu mmoja. Vijana wa Malindi na Magarini tuseme

Mleta uzi

Salamu kwenu wanajukwaa, wa Malindi, wa Lamu na popote mlipo. Uzi huu ni mrefu. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge, ila tusitukanane.

Kikao chochote cha vijana na kilimo huku kwetu huishia pale pale. Mzee atasema vijana wamekimbilia bodaboda na watalii wa ufuoni. Afisa atasema vijana wapewe mafunzo ya mboji, matandazo na kuchanganya mazao. Mimi ni mkulima, nalima upande wa Magarini, ng'ambo ya Mto Sabaki, pamoja na wenzangu wa kikundi. Mafunzo tumeyapata na tunayashukuru. Tunajua kutwanga mbegu za mwarubaini, kuziloweka usiku kucha, kuchuja, kutia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni, kwa kuwa jua kali huimaliza nguvu ile dawa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, wengi wetu tumeidondosha moyoni mwa kila mmea wa mahindi, na mahindi yamesimama.

Kwa hiyo ujuzi tunao. Kinachotukwamisha ni kwamba shamba tunalolirutubisha si letu, na mwenyewe anaweza kulitaka tukishavuna tu.

Udongo wa ukanda wetu ni wa kichanga. Maji hupita chini upesi na joto humaliza samadi haraka. Ukitaka ushike rutuba, unatia mboji na matandazo msimu huu, na ujao, na unaofuata. Unapanda mbaazi na kunde katikati ya mahindi, unapanda glirisidia mipakani ili ukate majani uyafukie. Faida huja polepole, mwaka wa pili, wa tatu. Sasa tazama makubaliano yetu ya kukodi: msimu mmoja, kwa mdomo. Nani atapakia gari zima la samadi alimwage kwenye shamba ambalo mwakani analima mwingine? Atanunua mbolea ya duka inayomrudishia pesa msimu huu huu, atavuna, ataondoka. Kisha anaambiwa yeye ndiye anayeiua ardhi.

Na miti ndiyo inayouma zaidi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye shamba la mtu mwingine huku pwani anaijua amri hii: panda mahindi, panda mihogo, lakini usipande mnazi wala mwembe. Mti wa kudumu ni ushahidi. Ukiwa na minazi kumi iliyozaa, hakuna atakayesema umefika jana. Basi familia zimekaa mahali vizazi vitatu bila kivuli walichokipanda wenyewe, halafu mradi unakuja na miche ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi na kuuliza mbona wenyeji hawapandi miti.

Hili lina historia, na vijana tuijue. Karne ya kumi na tisa Malindi ilikuwa ghala la pwani. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini hadi Uarabuni. Nafaka hiyo ililimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku huku mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa pwani wa maili kumi: mwenye kudai ardhi aende akaiandikishe. Waliojua ofisi na maandishi walipata hati. Wamijikenda wengi, na waliokuwa watumwa, hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Yaani mwaka mmoja mtu ameambiwa yuko huru, mwaka wa pili ameambiwa hapo anapolima si pake. Kuitwa kwetu skwota leo kuna mizizi humo.

Na isidhaniwe kuwa ardhi haipo. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa Galana-Kulalu juu ya mto huu huu wetu, kwenye ardhi ya umma, kwa ndoto ya ekari milioni moja. Shamba la mfano peke yake ni ekari 10,000. Mashine, mabomba, wataalamu wa nje, vyote vilipatikana. Mimi sijawahi kusikia mpango mkubwa kama huo ukianza kwa kuwauliza vijana wa Garashi au Langobaya wanahitaji ekari ngapi kila mmoja, na kwa miaka mingapi.

Hoja yangu ni moja. Kilimo endelevu kinaanza na uhakika wa kubaki shambani. Anayetaka vijana walime bila kuharibu, kwanza awasaidie wakae mahali pamoja.

Mwana wa Muyeye

Umesema vizuri lakini sikubali yote. Ami yangu ana ekari tatu Ganda, zina hati kabisa, na wanawe watatu hakuna anayezigusa. Mmoja ana bodaboda, mwingine yuko hotelini, wa tatu yuko tu. Ardhi wanayo! Shida ni bei. Nililima nyanya nikauza kwa dalali kwa bei ya kutupa kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa na nyanya. Kijana akiona hivyo mara moja harudi. Mpe hati leo, kesho anaiuza anunue pikipiki.

Mleta uzi

Kaka, bei naijua na imenichoma mimi pia. Lakini jiulize kwa nini ulimuuzia dalali siku ile. Nyanya hazikai, hilo kweli. Ila wengi wetu tungeuza hata zingekuwa za kukaa, kwa sababu kodi ya shamba imefika, na petroli ya mashine ya maji tumekopa. Dalali hatushindi kwa ujanja, anatushinda kwa kuwa sisi tuna haraka na yeye hana. Mwenye uhakika wa shamba huchanganya: nyanya kidogo, mihogo inayomsubiri ardhini, mbaazi, mapapai, kuku. Anayekodi kwa msimu hulima kile kitakachoota na kuuzwa kabla hajafukuzwa, yaani nyanya na matikiti, na kila mwenzake amepanda hicho hicho. Ndiyo maana wiki ile kila mtu alikuwa nazo.

Wana wa ami yako siwahukumu. Ila hebu uliza: hati ni ya nani? Mashamba mengi ya familia yana hati yenye jina la babu aliyekwisha kufariki, au baba hajagawa. Mtoto analima, mavuno yanaamuliwa na mwingine. Hata huyo ni mpangaji, ni vile tu kodi yake inaitwa heshima.

Bibi Shamba Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ya ugani miaka mingi katika pwani hii, naomba nitie neno kuhusu mbegu kwa sababu mmeiruka.

Pwani Hybrid, mbegu ya mahindi ya kisasa, ilipotoka kwa watafiti mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa miongoni mwa walioipeleka vijijini. Mvua ikiwa nzuri na mbolea ipo, inazaa, sitaidharau. Lakini mama wa Kigiriama alikuwa akiniwekea mengawa na mdzihana, mahindi ya asili, pembeni, kipande kidogo, akiniambia hii ni ya watoto. Kwanza sikumwelewa. Mvua ilipokatika nilielewa. Halafu kuna ghalani. Mahindi yale ya asili gamba lake hufunika hadi ncha, akiyatundika juu ya jiko kwenye uchaga, moshi unayapita kila siku, fukusi hapati nafasi. Mahindi mengi ya kisasa yanaachia ncha wazi, na dumuzi akiingia msimu mmoja unabaki na unga tupu guniani.

Na mihogo vile vile. Kibandameno ni tamu, huiva haraka jikoni, lakini magonjwa yanaipiga sana. Watafiti wa Mtwapa wakatoa Tajirika, Karembo, Shibe. Wakulima werevu walipanda zote. Mseto ndio bima ya maskini. Kijana anayeambiwa achague ama ya kisasa ama ya babu anadanganywa pande zote mbili.

Mleta uzi

Shikamoo mama. Asante sana kwa hili, na hasa kwa kusema la uchaga, maana kuna mabinti na vijana humu hawajawahi kuuona.

Niongeze upande wa sheria. Sheria ya mbegu, Sura ya 326, ilirekebishwa mwaka 2012, na mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa akawekwa kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Mama yule wa mengawa, akimpa jirani kibuyu cha mbegu kwa kubadilishana na kunde, alikuwa mhalifu! Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu vile vya adhabu vinakwenda kinyume cha Katiba. Waliokwenda kortini hawakuwa matajiri wala wanasheria, walikuwa wakulima. Na Katiba yenyewe, Kifungu cha 11, iliagiza tangu 2010 kwamba Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za asili na umiliki wa jamii juu yake. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Tunapodai chakula hatuombi msaada.

Mvuvi wa Amu

Nduzangu wa Malindi, mimi silimi, nalima bahari kama tunavyosema. Lakini nimeusoma uzi huu wote kwa sababu ni shida yetu sisi. Bandari ya Lamu ilipochimbwa hapa kwetu, sehemu tulizokuwa tukivua kwa madau na mitumbwi zilikwenda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, hiyo hiyo ya kwenu, iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Baadaye ukaja mvutano mrefu wa namna ya kulipa. Na ule mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, ambao ungekaa katikati ya mashamba na mikoko, leseni yake ilifutwa na baraza la rufaa la mazingira Juni 2019.

Nataka niwaambie kijana alisaidia nini katika haya. Wazee walikuwa na maneno, walijua kila mkondo na kila mwamba. Vijana waliomba nyaraka, wakasoma ripoti ya mazingira yenye kurasa mia na mia, wakaieleza barazani kwa Kiswahili ambacho nyanya yangu alikifahamu. Alipofahamu, hakukubali kunyamaza tena. Baraza lile la rufaa lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na hilo lilikuwa kiini cha uamuzi. Mkipewa kikao, nendeni mkaandikishe majina na yale mliyosema. Mkinyimwa, andikeni kwamba mmenyimwa.

Dada wa Marafa

Naomba niseme yangu kwa upande wa bara, maana Magarini si Sabaki pekee.

Huku kwetu Dakatcha, mwaka 2009 na kuendelea, kampuni ya kigeni ilitaka hekta 50,000 za msitu na mashamba ipande mbono (jatrofa) wa kutengeneza mafuta ya magari ya Ulaya. Wazee wengine walikuwa tayari, waliahidiwa ajira. Waliokataa walisema jambo jepesi: mbono hauliwi. Mashirika ya mazingira yakasimama nao na mpango ukakwama. Nasimulia kwa sababu vijana wengi wa leo walikuwa watoto, hawajui kwamba shamba wanalolima lilikaribia kuwa la mbono.

Lakini tuseme ukweli na sisi wenyewe. Msitu ule ule tulioulinda kwa mgeni tunaukata kwa mkaa, na tunaufyeka kupanda mananasi. Nanasi linalipa, sikatai. Linataka ardhi mpya ya msitu, ikichoka tunahama. Ndege kwera wa Clarke, anayeishi katika misitu hii ya Kilifi peke yake duniani, huzalia humu Dakatcha. Na mvua ya kwetu tunaijua: misimu mitano mfululizo ilikosekana kati ya 2020 na 2022, tukala mihogo michungu na mboga za mwituni. Tukimaliza miti, tunajilaumu nani?

Halafu kuna hili. Ardhi kubwa ya huku ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote. Haikusema wazee, haikusema wanaume. Kuitoa ardhi ya jamii kunataka thuluthi mbili ya mkutano. Mimi nina miaka zaidi ya kumi na minane, basi mimi ni sauti kamili. Lakini mkutano ukiitwa, nani huambiwa? Huambiwa wale wale. Wasichana tunasikia habari kisimani baada ya mihuri kupigwa.

Mleta uzi

Dada, ulivyosema la mkaa na mananasi umefanya kazi ambayo wengi tunaikimbia. Mimi naliunganisha na hoja yangu: nanasi lingeweza kulimwa pale pale kwa matandazo na mzunguko na kunde, likakaa. Tunahama kwa sababu kuhama ni bure na kukaa kuna gharama. Kama jamii imesajili ardhi yake na kila familia inajua kipande inachokitumia kwa miaka, gharama ya kukaa inaanza kuwa na maana. Usajili pekee hautazuia shoka, nakubali. Itabidi sisi wenyewe tukae tukubaliane sehemu isiyoguswa.

Na mvuvi wetu, yale ya nyaraka nayachukua. Hata kwetu yamewahi kufanywa. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikaa Malindi kusikiliza wakazi wa Gongoni na Marereni juu ya mashamba ya chumvi: watu kuondolewa bila fidia, visima kuwa vya chumvi, mikoko kukatwa. Ripoti ikatoka 2006. Imo kwa maandishi. Kijana wa Gongoni leo anaweza kuipeleka mbele ya mwakilishi wadi na kuuliza lipi limetekelezwa.

Kijana wa Mambrui

Nimesoma hadi hapa. Niambieni tufanye nini wiki hii. Mimi nakodi ekari moja, mwenyewe anaishi Mombasa, tunaongea kwa simu. Nikimwambia habari za miaka mitano atadhani namnyang'anya.

Mleta uzi

Swali lako ndilo nililotaka liulizwe. Kwanza uielewe hofu yake. Kwa sheria yetu, mtu akikaa miaka 12 kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini, wazi wazi, bila kusumbuliwa, anaweza kwenda kortini kuidai. Ndiyo sababu wenye mashamba hawataki miti wala nyumba ya mawe, na ndiyo sababu wengine hupokea kodi ndogo tu kila mwaka: kodi ni uthibitisho kwamba uko pale kwa ruhusa yake. Sasa hofu hiyo igeuze iwe faida yako. Mwambie mkataba ulioandikwa unamlinda yeye zaidi, kwa sababu ndani yake unakiri kwamba ardhi ni yake. Wewe unachotaka ni muda.

Kikundi chetu kilimwendea mwenye shamba hivyo hivyo. Alikataa mwanzoni. Mzee mmoja wa mtaa tuliyemheshimu wote akaenda kukaa naye, akamsomea kipengele kimoja kimoja, akakubali miaka mitano. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu makubaliano ya mdomo kwa kipindi kisichozidi miaka miwili. Ukizidi hapo andika. Weka kodi na itapandaje. Weka miti: ipi mtapanda, nani atavuna, na mkiachana inathaminiwaje. Weka kwamba akiuza shamba katikati, mtavuna kwanza kilicho ardhini. Usisahau maji, hasa kama mko karibu na mto, maana wengine wamekodi shamba kisha wakakatazwa njia ya kushukia mtoni. Kiapo na mashahidi, nakala mbili. Mkataba mrefu unafaa kusajiliwa, na hapo tafuteni wakili wa msaada wa kisheria awaangalie, msitegemee jukwaa.

La pili, bajeti ya kaunti. Tangu 2013 kilimo kiko mikononi mwa kaunti, si Nairobi. Mpango wa mwaka wa maendeleo hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Sisi hukimbilia barabarani Juni, wakati kila kitu kimeshapangwa. Nendeni Agosti. Msiseme "vijana wasaidiwe". Semeni: wadi yetu inataka ghala la kuhifadhia mahindi na pojo hapa, inataka kaunti itafute ardhi ya umma iliyolala iwakodishie vijana kwa miaka isiyopungua mitano, inataka bibi shamba wawili, na pesa ya trekta ipunguzwe iende kwenye visima. Andikeni, mpate muhuri wa kupokelewa. Msipojibiwa, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombeni majibu kwa maandishi.

Mwana wa Muyeye

Sawa, la Agosti nimelichukua. Nitamleta na mtoto wa ami, yule aliye tu. Ila bado nasema soko.

Mleta uzi

Mlete. Na soko tulibebe pamoja, wewe unajua mji, sisi tunajua shamba. Shule na hoteli za Malindi zinanunua mboga kila siku. Tukiwa na mashamba ya uhakika tunaweza kuahidi kilo zile zile kila wiki, na hapo ndipo tunaweza kuzungumza bei bila dalali katikati. Sasa hivi hatuwezi kumwahidi mtu yeyote chochote cha mwezi ujao.

Bibi Shamba Mstaafu

Mkikutana kabla ya vuli niambieni nije. Nina mbegu za mdzihana na za pojo, zimekaa kwenye jivu, hazijatiwa dawa. Nitampa kila kijana kibaba kimoja, na sharti ni kwamba akivuna arudishe viwili, kimoja kwangu na kimoja kwa mwingine.

Mleta uzi

Tutakuita mama, in shaa Allah. Nakala ya mkataba wetu, bila majina, nitaiweka hapa wenzangu wa kikundi wakiridhia.